Deni Analozaliwa Nalo Binti

Watazamaji wengi wa Nairobi na Dar es Salaam walimjua mwanamke wa Amerika ya Kilatini kupitia tamthilia. Hadithi ndefu kutoka Mexico, Kolombia na Venezuela, zilizowekewa sauti za Kiingereza, zilipofika kwenye vituo vya televisheni vya huku, mazungumzo ya jioni yalikatika. "Cuando Seas Mía", iliyotengenezwa Mexico mwaka 2001, ilitia fora sana Kenya: msichana mchuma kahawa anapendana na mrithi wa shamba, kisha unafuata mlolongo wa machozi. Shujaa wa hadithi hizi hana tofauti kubwa na mwenzake wa hadithi nyingine. Anapenda, anadhulumiwa, ananyamaza, na pembeni yake yupo mama mwenye rozari anayemsihi avumilie kidogo tena.

Picha hiyo si uongo mtupu. Kasoro yake ni kuuona uvumilivu kama kitu cha kuzaliwa nacho. Na si watunga tamthilia peke yao. Wasomi, mahakimu na waganga nao, wakiulizwa kwa nini binti wa Kilatino kaacha chuo, kazaa mapema, au kabaki kwa mume mkorofi, jibu linalotangulia mdomoni ni "utamaduni". Naliona jibu hilo la kivivu. Kinachoitwa utamaduni, ukikichimba, mara nyingi ni kumbukumbu ya jambo lililoipata familia: njaa, vita, mpaka, mwajiri, daktari. Mama anamrithisha bintiye tahadhari, na tahadhari ikikaa vizazi viwili watu huanza kuiita mila.

Tuelewane kwanza tunamzungumzia nani. Sensa ya Marekani ya mwaka 2020 ilihesabu Walatino milioni 62, karibu mtu mmoja kati ya watano nchini humo. Ndani ya hesabu hiyo yumo Mmexico ambaye ukoo wake uliishi Texas kabla Texas haijawa ya Marekani. Yumo Mpuerto Rico, ambaye watu wake ni raia wa Marekani tangu 1917. Yumo Mkuba wa Miami, Msalvador aliyekimbia vita, na Mmaya wa Guatemala ambaye hata Kihispania kwake ni lugha ya pili. Anayewazungumzia wote kwa sentensi moja inabidi awe mwangalifu, na nitakayoyasema hapa yanawahusu zaidi mabinti wa wahamiaji wa kipato cha chini. Binti wa tajiri wa Bogotá ana mambo yake.

Nadharia iliyoenea kuliko zote ilitoka kwa Evelyn Stevens, msomi wa siasa wa Marekani, mwaka 1973. Aliiita "marianismo": kwamba mwanamke wa Amerika ya Kilatini hufundishwa kumwiga Bikira Maria, awe safi, mwenye subira, mwenye kujitoa kwa ajili ya watoto, na kwamba kwa kuteseka kimya hupata heshima inayompita mwanamume kimaadili. Ukiutazama umati unaomiminika kila Desemba kwenye kanisa la Mama wa Guadalupe pale Tepeyac, ambako inaaminika alimtokea Juan Diego mwaka 1531, ni rahisi kushawishika. Wapinzani walijitokeza, hata hivyo. Mwanahistoria Marysa Navarro aliandika mwaka 2002 kuilaumu nadharia hiyo kwa kulivika bara zima vazi moja bila ushahidi wa kutosha. Nami nipo upande wake, kwa sababu nyingine pia: Stevens anatupa jina la jambo bila kutuonyesha linavyofanya kazi. Maria wa Guadalupe yupo Mexico miaka karibu mia tano. Mabinti wanaomwomba wamebadilika mno katika miaka thelathini tu.

Chukua suala la ubikira, ambalo wageni hudhani ni la kidini moja kwa moja. Gloria González-López, mwanasosholojia aliyewahoji wahamiaji wa Mexico huko Los Angeles na kuchapisha kitabu mwaka 2005, aliwauliza wanawake kwa nini mama zao walisisitiza sana wajitunze mpaka ndoa. Dhambi ilitajwa, lakini iliyotangulia ilikuwa hofu. Mama alijua kwamba binti aliyeolewa akiwa "ameharibika" atasimangwa na mumewe maisha yote, pengine kupigwa, na hatakuwa na pa kukimbilia. Kwa mwanamke asiye na shamba, cheti wala akaunti ya benki, sifa ya usichana ndiyo mali pekee aliyoingia nayo katika ndoa. Sisi husema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu; akina mama hawa walikuwa wamekwisha kufunzwa na ulimwengu wenyewe, na somo walilitoa huko.

Mtafiti huyohuyo aliwauliza wanaume wahamiaji kuhusu mabinti zao, akakuta jambo ambalo watunga tamthilia hawalitegemei. Baba wengi hawakudai binti afike madhabahuni akiwa bikira. Walitaka achelewe: asipate mimba, asome, asije akamtegemea mwanamume. Watu walewale, Wakatoliki walewale. Walipohamia mahali ambapo shule inaweza kumlisha mtu, masharti yao kwa binti yakahama nao.

Mfano mzito zaidi upo Puerto Rico. Mwaka 1937 sheria ya kisiwa iliruhusu kufunga kizazi, katika zama ambazo watawala waliamini kwamba umaskini wa kisiwa unatokana na wingi wa watu. Baada ya vita kuu ya pili vikaja viwanda vilivyotaka mikono ya wanawake. Njia nyingine za kupanga uzazi zilikuwa adimu, ila upasuaji ulikuwa tele na wa bei nafuu, mara nyingine bure. Utafiti wa mwaka 1965 ulikuta kwamba karibu theluthi moja ya akina mama wa miaka 20 hadi 49 wamefungwa kizazi. Lilikuwa jambo la kawaida kiasi kwamba watu waliita "la operación", ule upasuaji, na kila mmoja akajua ni upi.

Iris López, mwanaanthropolojia, alizifuatilia familia za Wapuerto Rico wa Brooklyn, New York, na kitabu chake cha mwaka 2008 kinatibua hesabu za pande zote. Wanaosema wanawake wale walilazimishwa tu, anawaonyesha wanawake waliokwenda hospitali kwa miguu yao, wamechoka kuzaa, na hawajutii. Wanaosema walichagua kwa hiari, anawaonyesha wengine ambao hawakuambiwa kwamba uamuzi ule haurudi nyuma, na ambao hawakuwa na daktari, nyumba wala mume wa kuwapa njia nyingine. Halafu kuna lililonivutia zaidi: upasuaji ule ulirithiwa. Binti alimwona mama na shangazi wamefanyiwa, naye akifikisha mtoto wa tatu akaona zamu yake imefika. Sera ya serikali iliyoanza mwaka 1937 ilikuwa imeshakuwa desturi ya ukoo, na msomi mgeni angefika angeiandika kwenye daftari lake chini ya kichwa "utamaduni".

Huko Los Angeles, kosa hilo la kuita "utamaduni" jambo lililotoka kwa wenye mamlaka lilitokea mahakamani waziwazi. Miaka ya mwanzo ya 1970, wanawake wenye asili ya Mexico waliokwenda kujifungua katika hospitali kubwa ya umma walifungwa kizazi bila kuelewa wanafanyiwa nini. Wengine walipewa fomu za Kiingereza katikati ya uchungu wa kuzaa. Wengine waligundua baadaye sana, walipoomba dawa za kupanga uzazi wakaambiwa hawazihitaji. Wanawake kumi walishtaki, wakitetewa na mwanasheria kijana, Antonia Hernández, katika kesi iliyopewa jina la mmoja wao, Madrigal. Upande wao ulimleta mwanaanthropolojia Carlos Vélez-Ibáñez aeleze jinsi uzazi ulivyo nguzo ya heshima ya mwanamke katika jamii walikotoka, ili mahakama ielewe ukubwa wa madhara. Mwaka 1978 jaji Jesse Curtis alitoa hukumu dhidi yao. Aliona kumetokea kutoelewana tu kati ya madaktari na wagonjwa, na ushahidi wa mwanaanthropolojia akaugeuza: uchungu wao mkubwa ulitokana na malezi yao ya kitamaduni, jambo ambalo madaktari hawakutarajiwa kulijua.

Hukumu ile inafaa kusomwa na kila anayependa kutumia neno "utamaduni" kirahisi. Kisu kilikuwa cha hospitali, lakini lawama zilibebeshwa mila za mgonjwa. Kesi haikupotea bure: hospitali zililazimika kuweka fomu za Kihispania na muda wa kungoja kabla ya upasuaji, California ikafuta sheria yake ya kufunga watu vizazi mwaka 1979, na Kaunti ya Los Angeles ikaomba radhi mwaka 2018. Lakini jiulize ni wosia gani uliotoka katika nyumba zile kumi. Usimwamini daktari. Usisaini kitu. Nenda hospitali na mtu anayejua Kiingereza.

Mtu huyo anayejua Kiingereza, katika nyumba nyingi za wahamiaji, ni binti. Abel Valenzuela alichunguza familia za Kimexico za Los Angeles na kuchapisha matokeo mwaka 1999: watoto ndio wanaotafsiri, wanaobishana na mwenye nyumba, wanaojaza fomu za kodi, wanaowalea wadogo, na wasichana, hasa wa kwanza kuzaliwa, wanabeba sehemu kubwa kuliko kaka zao. Mtoto wa miaka kumi amekaa kliniki kati ya mama na muuguzi. Muuguzi anauliza mimba zimetoka ngapi. Mtoto anatafsiri swali, anasikia jibu ambalo hakupaswa kulisikia kabla hajavunja ungo, anatafsiri jibu. Akitoka hapo anasoma bili ya umeme. Hakuna aliyemkalisha kumfundisha wajibu wa mwanamke. Ameshaujua, na pamoja nao ameijua siri ya kila deni la nyumba.

Hapa ndipo ninapotofautiana na simulizi iliyozoeleka, inayomchora binti wa Kilatino kama ndege aliyefungiwa na makatazo. Makatazo yapo: usirudi usiku, usihame nyumbani kabla ya ndoa, usiseme ya ndani nje. Ila makatazo huvunjwa, na yamevunjwa kwa kasi. Mwaka 1991, kati ya kila wasichana 1,000 wa Kilatino wa Marekani wenye umri wa miaka 15 hadi 19, zaidi ya 100 walizaa; mwaka 2019 walikuwa takriban 25. Wanawake wa Kilatino wa miaka 25 na zaidi wenye shahada walikuwa asilimia 16 mwaka 2013, wakafika asilimia 23 mwaka 2023. Kanisa halikubadili mafundisho yake katika muda huo, wala bibi hawakuacha rozari. Kilichobadilika ni upatikanaji wa dawa za kupanga uzazi, miaka ya shule, na hesabu ya nini kinalipa.

Kisichobadilika kwa kasi hiyo ni wajibu. Binti anaweza kuvunja katazo la mama. Kulipa alichopewa na mama ni jambo jingine. Mama amesafisha nyumba za watu miaka ishirini, amepiga magoti kwenye vyoo vya wengine, na hajawahi kulalamika. Ule ukimya wake ndio unaofunga. Angelalamika, angalau pangekuwa na la kujibiwa.

Dola nazo zinasema. Mwaka 2023 Mexico ilipokea zaidi ya dola bilioni 60 kutoka kwa watu wake walio nje, wengi wao wakiwa Marekani. Leisy Abrego, mwanazuoni mzaliwa wa El Salvador, alizichunguza familia za nchi yake zilizotenganishwa na mpaka na kueleza katika kitabu cha mwaka 2014 kwamba akina mama, japo hulipwa kidogo kuliko akina baba, hutuma fedha kwa uaminifu zaidi, hata kwa kujinyima chakula. Vita ya El Salvador ya 1980 hadi 1992 iliua watu wapatao 75,000 na kuwasukuma wengine wengi kaskazini. Wanawake wengi waliishia kulea watoto wa matajiri wa Los Angeles huku wao wakiwaachia bibi watoto wao. Msomaji wa Mombasa, Tanga au Kampala aliye na dada aliyekwenda kufanya kazi za ndani Riyadh au Muscat hahitaji maelezo zaidi. Mtoto aliyebaki kwa bibi anakua na viatu vipya na swali moja asilothubutu kumuuliza mama kwa simu.

Hata sherehe ina upande huu. Msichana akitimiza miaka 15 hufanyiwa "quinceañera": misa, gauni pana, mwanasesere wa mwisho anayekabidhiwa, viatu bapa vinavyovuliwa na baba kuvikwa vya kisigino, kisha wanacheza walsi. Wakosoaji huhesabu gharama na kutikisa kichwa, na ni kweli zipo familia zinazoingia madeni kwa siku moja. Lakini tazama zinavyogawanywa. Kuna wasimamizi wa keki, wasimamizi wa gauni, wasimamizi wa muziki, kila mmoja jirani au ndugu aliyekubali kubeba kipande. Kwa watu wasiokopesheka benki, orodha ile ni daftari la nani atasimama nao siku ya msiba au ya kufukuzwa nchini. Msichana anaanza utu uzima akiwa amesimama katikati ya ukumbi uliojaa watu wanaomdai.

Filamu ya "Real Women Have Curves" ya mwaka 2002, iliyotokana na tamthilia ya jukwaani ya Josefina López, husifiwa kwa ajili ya Ana, binti wa Los Angeles Mashariki anayepata ufadhili wa Chuo Kikuu cha Columbia wakati mama yake anamtaka kiwandani na kwenye ndoa. Mwishoni anaondoka, na mama anakataa kutoka chumbani kumpa baraka. Watazamaji hushangilia. Mimi macho yangu yapo kwa dada mkubwa, Estela, mwenye karakana ya kushona. Kila gauni analipwa dola 18, na dukani linauzwa 600. Estela hana ufadhili. Anabaki na joto, kodi ya karakana na wazazi. Ana aliweza kwenda kwa sababu kuna aliyebaki, na hadithi za mafanikio huwa hazimtaji aliyebaki.

Sonia Sotomayor, aliyeingia Mahakama ya Juu ya Marekani mwaka 2009, hutolewa kama ushahidi kwamba yote yanawezekana. Alizaliwa Bronx mwaka 1954 kwa wazazi wa Puerto Rico; baba alikuwa mlevi, akafa binti akiwa na miaka tisa. Kabla ya hapo Sonia alikuwa amegundulika ana kisukari, akajifunza kujidunga insulini mwenyewe kwa kuwa wazazi walikuwa wakigombana nani afanye. Mama, Celina, yatima aliyejiunga na jeshi wakati wa vita, alifanya kazi ya uuguzi na kuwanunulia watoto seti nzima ya ensaiklopidia. Ni simulizi nzuri na ya kweli. Ila ukiisoma kwa makini, hakuna mahali ambapo urithi wa shida ulitupwa ili mafanikio yaje. Ujasiri wa mtoto kujidunga sindano ulizaliwa na shida ileile. Kuna wengine waliopewa shida hiyohiyo ikawavunja. Luis Zayas, aliyeandika mwaka 2011 kuhusu wasichana wa Kilatino waliojaribu kujiua, alikuta mara nyingi ugomvi na mama nyuma ya jaribio, binti akivutwa na matakwa yake upande mmoja na wajibu wa nyumbani upande mwingine.

Inawezekana pia kuligeuza tarajio likawa silaha. Aprili 1977, chini ya utawala wa kijeshi wa Argentina, akina mama waliopotelewa na watoto walianza kuizunguka Plaza de Mayo, Buenos Aires, wakiwa na vitambaa vyeupe kichwani, awali vya nepi. Utawala uliohubiri kwamba mama ni mtakatifu ulijikuta unamwogopa mama. Baadhi yao, akiwemo Azucena Villaflor, walitekwa na kuuawa, na wenzao hawakuacha. Mwaka 2003 wanaharakati wa haki ya kutoa mimba walichukua kitambaa kilekile wakakipaka kijani, na 30 Desemba 2020 bunge likapitisha sheria yao. Mtu anaweza kuipinga sheria hiyo, na wengi Argentina waliipinga. Hawezi kusema wanawake wale waliukana urithi wa mama zao.

Turudi kwa msafisha nyumba wa Los Angeles, kwa kuwa mambo yote yanakutana kwake. Marekani ilipoanzisha mfuko wake wa pensheni mwaka 1935, wafanyakazi wa ndani na wa mashambani waliachwa nje. Wa ndani walianza kuingizwa mwaka 1950, na sheria ya kima cha chini cha mshahara ikawafikia mwaka 1974. Hadi leo asiye na vibali akikatwa mchango wa mfuko huo hana haki ya kuudai. Mwanamke wa Kilatino anayefanya kazi muda wote hupata chini ya senti 60 kwa kila dola ya mwanamume mzungu. Mama wa namna hiyo anafika miaka 65 akiwa na magoti mabovu na hazina moja tu, yaani binti. Kwa hiyo ukisikia binti kakataa nafasi ya chuo cha mbali, au kaolewa mtaa wa pili, usianze na Bikira Maria. Uliza kwanza mama yake ana pensheni ya nani.